Ile siku niliona mizizi ndani ya jicho yangu

Nilikuwa nimeweka kidevu juu ya ile mashine ya macho, paji la uso imegusa ile mukanda ya plastiki, munganga anapeleka mwangaza yake pole pole mpaka ku pembe ya jicho, mara nikaona mizizi. Nasema kweli. Mizizi ya muti, myeusi, tawi inazaa tawi, na ile tawi inazaa ingine nyembamba zaidi, imetanda pande zote sawa vile mawe ya volkano inapasukaka ikisha kupoa. Ilikaa sekunde mbili, tatu ivi, nikapepesa, ikapotea. Nikatoa kichwa mbio, nikasema dokta, kuko kitu inaota ndani ya jicho yangu! Yeye akacheka, akasema mama rudisha kidevu, hakuna kitu inaota, ile umeona ni mishipa yako mwenyewe ya damu, ni kivuli yake.

Sasa mi kivuli naijua, nashindaka chini ya hema ku soko. Kivuli inaangukaka nyuma ya kitu, ku upande wenye mwangaza haifike. Ni kusema, kama naona kivuli ya mishipa ya jicho, basi mishipa iko mbele na ile kitu yenye inaona iko nyuma yake. Nikamuuliza vile, kidevu kingali juu ya mashine. Akanyamaza kidogo, halafu akazima taa yake, akavuta karatasi.

Ngoja kwanza niwaambie nilifikaje pale.

Mi nauzishaka vitenge hapa ku soko ya Birere, Goma, wenye wananijua wananijua. Siku moja saa ya magharibi, umeme imekatika tangu muchana, mama moja akapita akasema anataka kitenge nyeusi yenye maua ya bluu. Nikamutolea. Tukaiangalia wote wawili, tukaigeuza, tukakubali ni nyeusi yenye maua ya bluu, akalipa, akaenda. Kesho yake asubuhi, ata sijafungua vizuri, ule mama uyu hapa, amefungua kitenge chini ya jua mbele ya watu, na ile nyeusi yetu ilikuwa nyekundu. Nyekundu kabisa, ile nzito ya damu! Akaniita mwizi. Majirani wa soko wakaanza kunitazama. Nikamubadilishia, nikaomba msamaha, lakini ile siku sikula vizuri juu nilijua mi sikudanganya mutu, niliona nyeusi kwa macho yangu. Na ile mwezi tena nilikuwa nashindwa kutia uzi ku sindano. Nimefika miaka 43. Nikajiambia basi, macho njo inaenda.

Kwanza nikapita sehemu moja yenye sitataja, wakaniuzia luneti, miwani, bila ata kunipima, dola 15, kichwa ikauma wiki mbili. Kisha njo mudogo wangu akanikokota ku munganga wa kweli. Na munganga wa kweli, kisha kuniangalia na taa zake zote, akasema retina yako iko muzuri mama, ile ya sindano ni lensi tu ya jicho imeanza kuwa nguvu, haijikunje tena vizuri, inafikiaka kila mutu mwenye kupita miaka 40, nitakuandikia luneti ya kusoma. Na ile ya kitenge? Ile, akasema, si ugonjwa. Ile njo retina inafanya kazi yake.

Alinieleza dakika kumi ivi, watu wakiwa mingi ku mulango. Zingine nilisoma mwenyewe usiku ku telefone, kwa kifaransa, mpaka mega zikaisha. Sikujua kama naweza kupenda kitu kama iyi.

Retina ni kangozi kembamba kenye kamefunika jicho kwa ndani, upande wa nyuma. Unene yake ni kama robo ya milimetre, na sehemu zingine haifike ata pale. Ndani ya iyo robo ya milimetre wanahesabuka tabaka 10! Sitazitaja zote, zingine ni utando tu, lakini tabaka zenye zimebeba seli ni tatu, na katikati yao kuko mbili za kuunganisha, pale seli zinashikana mikono. Mutu mwenye alishachimba shimo ya choo hapa Goma anajua: unavunja mawe, chini unakuta kaudongo kidogo, chini tena mawe, volkano imelalia volkano, ile ya 2002 juu ya za zamani. Retina njo vile, na mwangaza njo mwenye kuchimba, inaanzia juu, lakini kile inatafuta iko chini kabisa.

Munganga alichora vile: mwangaza ikishapita ku mboni na ku ule ute wa ndani ya jicho, kwanza inakutana na nyuzi za mushipa mukubwa wenye unapelekaka habari ku ubongo, kisha inapita ku seli za ganglioni, wenyewe wa izo nyuzi, kisha muunganiko, kisha seli za bipolari na majirani zao za horizontali na amakrine, kisha muunganiko wa pili, halafu njo sasa inafika ku seli zenye zinakamata mwangaza. Na ata zile, upande wenye kukamata umetazama ukuta. Zimepa mwangaza mugongo. Ni sawa mutu anatengeneza kamera ya telefone, halafu nyaya zote anazipitisha mbele ya kioo, na kioo mwenyewe amekigeuza.

Nikasema dokta, iyo kazi ni ya nani? Akacheka tena. Lakini nyaya za jicho zinapitisha mwangaza, ni kama kioo safi, mwangaza inapotea kidogo tu. Kuko ata seli ndefu zenye zinapanda kutoka juu mpaka chini ya retina, wanaziita seli za Müller, na mwaka 2007 watafiti Wajerumani walionyesha kama zinaongoza mwangaza sawa vile nyuzi za intaneti, ile ya fibre optique yenye wanachimbiaka mabarabara. Na pale katikati kabisa, pale unaelekeza jicho ukitaka kusoma ao kutia uzi, pale panaitwa fovea, seli za juu zimesukumwa pembeni, ni kama mutu amefungua pazia, na mishipa ya damu haipite pale. Kwa iyo ile mizizi yangu ilikuwa pande zote, lakini katikati ilikuwa wazi. Nilikuwa sijaiangalia vizuri, juu ya woga. Mara ya pili niliangalia.

Na kwa nini hatuonake iyo mizizi kila siku? Juu haitembei. Kivuli inaanguka kila siku ku seli zile zile, na seli na ubongo zinachokaka na kitu chenye hakitembei, sawa vile ukipanga nyumba karibu na mashine ya kusaga, wiki mbili tu hausikie tena. Taa ya munganga iliingia kwa pembeni, kivuli ikahamia ku seli zenye hazijaizoea, zikapiga yowe. Mucheki moja jina Jan Purkyně alishaeleza ile mizizi zaidi ya miaka 200 imepita, na uyo mutu mulinde jina lake juu atarudi.

Mwenye alitupangia tabaka zote vizuri ni Muhispania, Santiago Ramón y Cajal, mwisho wa karne ya 19. Alitumia dawa ya kupaka seli yenye Mwitalia Camillo Golgi alivumbua, akachora retina za wanyama mingi kwa mukono, seli kwa seli, na mishale midogo ya kuonyesha habari inapita wapi. Mwaka 1906 wakawapa zawadi ya Nobel wote wawili, pamoja, na Golgi akaenda pale akahutubia akipinga mawazo ya mwenzake. Ndani ya sherehe! Nilicheka sana, niliona ni kama mukutano ya familia yetu.

Sasa turudi ku ukuta, juu iko sababu ya seli kugeukia kule. Nyuma yao kuko tabaka moja nyeusi, ya seli zenye kubeba rangi, na nyuma ya ile kuko mishipa ya damu mingi sana. Seli zenye kukamata mwangaza zinakula vibaya, zinaomba oksijeni kila saa, kwa iyo zimekaa karibu na jiko. Na ni chafu tena. Kila moja iko na rundo ya visahani vyembamba, vimepangwa moja juu ya ingine, seli moja ya fimbo (njo ile aina yenye umbo ya fimbo, ingine ni koni) inaweza beba kama 1000, na ile dawa yenye kukamata mwangaza iko ndani ya ivyo visahani. Kila siku visahani vipya vinaongezwa ku mwanzo wa rundo, na vya zamani vinakatika ku mwisho, kama siku 10 ivi rundo nzima imekuwa mupya. Sasa ile uchafu inaenda wapi? Ile tabaka nyeusi inaikula. Inafanya salongo, ile kazi ya usafi ya watu wote pamoja. Sisi tunafanyaka salongo jumamosi kwa jumamosi, na wengine munafunga mulango munajifanya hamuko, lakini kule nyuma ya jicho ni kila siku, na kwa seli za fimbo ni asubuhi sana, vile mwangaza inaingia tu. Kama ile tabaka ingekuwa mbele badala ya nyuma, ingezuia mwangaza juu iko nyeusi kabisa. Ikabaki nyuma, na seli zikageuka kuifuata.

Pweza, ule munyama wa bahari mwenye mikono munane, yeye seli zake zinaangalia mbele, nyaya nyuma, safi. Na kwa iyo yeye hana ile shimo yenye sisi tuko nayo.

Shimo gani? Waza: kama nyuzi zote ziko ndani, mbele, lazima zitafute mahali pa kutokea ziende ku ubongo. Zinakusanyika pahali pamoja, zinatoboa retina, zinatoka. Pale zinatokea hakuna seli ata moja ya kukamata mwangaza. Ni upofu. Kila jicho iko na yake. Kamata karatasi, chora musalaba kidogo, kisha kuume yake, santimetre 8, chora nukta nyeusi. Funga jicho ya kushoto, na ya kuume angalia musalaba tu, karatasi iwe karibu santimetre 30 kutoka ku uso, isogeze pole pole mbele na nyuma. Kuko pahali nukta inakufa! Haiachi tundu, karatasi inajijaza nyeupe yenyewe. Nilifanyisha watoto wote wa parcelle, mutoto moja akasema nukta nimeiiba na akaanza kuitafuta ku mikono yangu.

Hesabu nayo. Kwa kila jicho seli za fimbo zinakaribia milioni 100, vitabu vingine vinaandikaka 120, na zile zenye umbo ya koni ni milioni 5 ao 6. Ku shule walitufundisha kwa kifaransa batoneti na kone, mi nilikuwa naandika tu bila kujua iko nini. Lakini nyuzi zenye kutoka ku jicho kuenda ku ubongo ni karibu milioni moja tu. Sasa watu milioni 100 wanapitishaje habari ku simu milioni moja? Ni nyumba kumi! Vile iko ku mitaa yetu. Fimbo mingi zinaripoti kwa seli moja ya bipolari, ule njo shefu wa nyumba kumi, na mashefu wa nyumba kumi wanaripoti kwa ganglioni, shefu wa kartie, na yeye njo iko na simu ya kupigia ubongo. Kwa iyo usiku, mwangaza kidogo kabisa ikianguka ku nyumba moja, sauti za nyumba zote zinajumlishwa na shefu anasikia. Lakini akiulizwa ni nyumba gani, hajue, anasema ni upande ule. Njo maana usiku unaona mutu anakuja lakini hautambue uso. Pale ku fovea ni ingine, kila koni iko na shefu wake peke yake na simu yake, haichanganyike na sauti za wengine. Ukisoma iyi maandishi saa hii, unasoma na izo koni chache tu.

Na seli za horizontali na amakrine ni majirani wenye kuingilia. Moja ikisema kuna mwangaza kwangu, ile ya horizontali inapunguza sauti ya wenye wako kando, ili mupaka kati ya pale pa mwangaza na pale pa giza uonekane vizuri. Retina yenyewe inaanza kuchagua habari mbele ubongo haijajua kitu.

Lakini kile kilinikosesha usingizi ni ingine. Mi niliwaza, na wewe pia unawaza, kama seli ya jicho inalala gizani na inaamka mwangaza ikifika. Hapana. Ni kinyume! Gizani milango yake iko wazi, chumvi inaingia, umeme inapita, na ku mwisho yake inamwaga dawa jina glutamati bila kupumzika. Inapiga kelele ya giza, usiku muzima. Mwangaza ikiigonga, milango inafungwa, umeme inashuka, inapunguza kelele, inanyamaza. Na ile kimya njo habari yenye seli yenye kufuata inasoma.

Nilikaa ku kitanda nawaza iyo, na ilikuwa usiku umeme imeenda, na nje mashine za mafuta za mutaa zinanguruma, ya famasi, ya baa, ya ule muzee wa kuchaji matelefone. Kisha moja ikazimwa. Ingine ikazimwa. Ingine. Nilikuwa nimefunga macho na nilijua umeme imerudi, juu ya kimya. Nikacheka peke yangu, bwana yangu akauliza nini, nikamwambia lala.

Na munganga alisema seli moja ya fimbo, ikiisha kuzoea giza, inaweza kunyamazishwa na fotoni moja. Moja tu! Fotoni ni kale kapande ka mwangaza kadogo kuliko vyote, hakagawanyike. Lakini "ikiisha kuzoea" njo neno. Ile dawa ya ndani ya visahani vya fimbo inaitwa rodopsini, na mwangaza mukali wa muchana inaiunguza sehemu kubwa, fimbo zinabaki bila kazi. Ukiingia gizani koni zinajaribu kwanza, kama dakika 10 zinafika mwisho ya nguvu yao, na fimbo zinarudi pole pole, zinaomba dakika 30, ata 40.

Baba mudogo anavuaka sambaza, tule tusamaki tudogo, ku ziwa Kivu, anatokea Kituku, pale kando ya maji, na iyi yote aliijua bila retina wala munganga. Ku pirogi zao kuko taa kubwa, lakini inaangalia maji, ni ya kuita sambaza. Mwenye kuongoza anageukia upande ingine, na hakuna ruhusa ya kufungua telefone mbele yake. Anasemaka ukinipiga torshi ku macho umeniua nusu saa. Na kama anatafuta kataa ya wenzake mbali, haiangalie moja kwa moja, anaangalia kando yake kidogo, njo inatokea. Nilimwambia baba mudogo, unajua kwa nini? Ni juu katikati kabisa ya retina hakuna fimbo ata moja, ni koni tupu, na koni usiku ni bure, ukiangalia kando mwangaza inaangukia pale fimbo ziko mingi. Akaniangalia muda mrefu. Akasema mama yangu, ulikulaka pesa ya vitenge ukienda kusomea iyo?

Sasa kitenge. Koni ziko aina tatu, moja inapenda mwangaza ya bluu, moja kijani, ya tatu inafika mpaka nyekundu, na ubongo ikilinganisha tatu njo tunapata rangi zote. Fimbo ni aina moja tu. Aina moja haiwezi linganisha kitu, kwa iyo usiku hakuna rangi, kuko tu nyeupe na nyeusi na kijivujivu. Na zaidi ya ile, iyo aina moja inapenda mwangaza wa kati ya bluu na kijani, nyekundu karibu haiione kabisa. Saa ya magharibi koni zinaanza kuchoka na fimbo zinaanza kuamka, kuko dakika wote wako kazini nusu nusu, na pale nyekundu inakufa ya kwanza, inageuka nyeusi, na bluu iliyo kando yake inabaki, inaonekana kung'aa kuliko ile nyekundu. Ni ule ule Purkyně wa mizizi alikuwa wa kwanza kuieleza, alitazama maua, maua mekundu na majani yake wakati jua haijatoka. Maua! Na mi ni kitenge ya maua. Ule mama hakuwa mubaya na mi sikuwa mwizi, tulikuwa watu wawili na fimbo milioni 400 zenye zilikubali ni nyeusi. Kama anasoma hapa, mama, karibu tena, nimenunua taa.

Lakini musichanganye iyi na ugonjwa. Mutoto mwenye jua ikizama tu anagonga viti, anashika ukuta, wakati wenzake wanakimbia bado, ule peleka hopitali. Rodopsini inatengenezwa na protini pamoja na kitu chenye kutoka ku vitamini A, Mumarekani George Wald njo alikuta vitamini A ndani ya retina mwaka 1933, na Nobel yake ilikuja 1967. Ikikosekana, fimbo zinafunga kwanza, na ikizidi kukosekana ni jicho yote inaharibika. Koko yangu, nyanya yangu, mutoto kama ule alikuwa anamuita kuku, juu kuku jioni inakimbilia ndani mbio, na kumbe kuku retina yake ni koni nyingi, fimbo kidogo. Dawa ya koko ilikuwa lengalenga (mchicha) na mawese, ile nyekundu, haijachomwa mpaka ikawa nyeupe, na maini wakati pesa iko. Vitu vyote vitatu viko na vitamini A ao kile mwili inageuza kuwa vitamini A. Kuunguza mawese mpaka rangi iishe ni kumwaga njo kile kilikuwa kinakusaidia, lakini wamama wa Goma hawatanisikia.

Kitu ya mwisho, fupi. Kwa miaka zaidi ya 100 wote walisema ni seli aina mbili zinakamata mwangaza, fimbo na koni, basi. Halafu 2002, wiki chache tu kisha volkano kushuka Goma mwezi wa kwanza, wakati sisi tuko tunatafuta mabati, watafiti Marekani walitangaza kama kuko seli chache za ganglioni zenye zinakamata mwangaza zenyewe, na dawa yao ingine jina melanopsini. Shefu wa kartie mwenye anatoka nje kujionea! Hazichore picha. Zinaambia tu mwili kama ni muchana ao usiku, na zinafunga mboni mwangaza ikiwa kali. Kuko watu vipofu kabisa, fimbo na koni zilikufa, na bado mwili yao inajua saa ya kulala juu ya izo. Na zinapenda bluu, ile ya telefone. Mi naandika iyi saa sita na nusu ya usiku na telefone mbele ya uso, kwa iyo musiniulize.

Ile kitenge ya kurudishwa ilikaa ku rafu, sikutaka kuiuzisha tena. Kisha nikakumbuka: kama fimbo hazione nyekundu, basi mwangaza nyekundu haiziunguze. Nikakata kipande, nyekundu tupu bila maua, nikakunja mara mbili, nikafunga ku torshi ya baba mudogo na elastike ya kusuka nywele. Akacheka mpaka akakohoa. Lakini aliibeba. Juzi asubuhi akanipigia kutoka Kituku, akasema torshi iko sawa, sasa anaona nyavu mbele ya miguu yake na akiinua kichwa ziwa haijapotea, na tena ananiuliza ile kitenge imebaki yadi ngapi, bibi yake ameona kile kipande anataka ya kushona.

Nikamwambia aje nayo, lakini waje saa sita ya muchana.